Kishimo Nyuma ya Mboni

Hotuba kwa wauguzi wa kliniki za watoto, walimu na wazazi, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wenzangu wa kliniki, walimu, na kina mama mliokuja na watoto mgongoni, karibuni, na asanteni kwa kuja.

Nimepewa saa moja nizungumze juu ya macho ya watoto. Habari za mtoto wa jicho na vitamini A mmezisikia sana, na ni vizuri mzisikie. Mimi leo nina jambo la nyuma kabisa ya jicho, mahali penye upana wa punje ya ulezi, milimita moja na nusu hivi. Ukimtazama mtoto usoni hupaoni. Hapamuumi, hapatoi tongotongo, hapaleti wekundu. Ndiyo maana panatuponyoka.

Nianze na binti mmoja. Alikuwa na miaka 7 mama yake alipomleta kliniki niliyokuwa nafanya kazi wakati huo. Mwalimu wake wa darasa la kwanza alikuwa ameona kwamba akisoma ubaoni anageuza shingo, na jicho la kushoto lilikuwa na kengeza dogo. Nilikuwa mgeni kazini, foleni imefika nje mpaka chini ya mwembe. Nikampima kwa chati ya E. Jicho la kulia halikuwa na shida. La kushoto aliweza kuhesabu vidole vyangu nikiwa mita moja tu mbele yake. Sikumtia matone ya kupanua mboni. Matone yale huchukua kama nusu saa kufanya kazi, na watu walikuwa wengi. Nikaandika kwenye kadi: "Jicho vivu la kushoto, tangu kuzaliwa." Nikamwambia mama, amezaliwa hivyo, mlindie hili la kulia. Mama akashukuru, akamshika mwanawe mkono, wakaenda zao.

Walirudi baada ya miaka 4. Safari hii ndani ya mboni ya kushoto kulikuwa na weupe wa kijivu. Nikamwuliza binti lini aliona mabadiliko. Akafikiri kidogo, akasema kwamba zamani kwa jicho lile alikuwa anaona kivuli cha mtu akipita mlangoni, na alikuwa anaitambua rangi ya khanga ya mama. Tangu mfungo wa mwaka uliopita, giza tupu. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akanijibu, "Si lilikuwa bovu toka zamani?"

Maneno hayo aliyapata kwangu. Nilipopanua mboni, nilikuta retina yote imebanduka, imekunjamana kama kitambaa kilicholowa, na katikati yake neva ya jicho ina shimo pana lenye umbo la faneli. Shimo lile lilikuwepo siku ile ya kwanza. Lingeonekana kwa dakika moja, kama ningeangalia.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili. Kabla hatujamwambia mzazi "amezaliwa hivyo", tuwe tumeshaangalia nyuma ya jicho, tumejua amezaliwaje. Wapo watoto waliozaliwa na jicho dhaifu ambao nuru yao kidogo waliyonayo inaweza kupotea baadaye, na wengi wao tunaweza kuiokoa tukiwahi.

Ngoja niwaeleze kilichoko huko nyuma.

Retina ni utando mwembamba uliotandikwa ndani ya jicho, upande wa nyuma, kama plasta ilivyotandikwa ukutani. Mwanga ukiingia kupitia mboni huangukia hapo. Ukuta wenyewe ndio unaoilisha plasta: chini ya retina kuna tabaka lenye mishipa mingi ya damu, na chembe zinazopokea mwanga hula kutoka kwenye tabaka hilo. Plasta ikibanduka, chembe zile zinaanza kufa njaa. Zikikaa hivyo siku kadhaa zinaumia. Zikikaa miezi, nyingi hazirudi tena.

Kila kinachoonwa na retina lazima kipelekwe ubongoni. Ninyi watu wa Tanga mnaijua kamba ya katani: nyuzi nyembamba nyingi zimesokotwa pamoja zikawa kitu kimoja chenye nguvu. Neva ya jicho ni kamba ya namna hiyo, yenye nyuzi zaidi ya milioni moja. Nyuzi zote hukusanyika mahali pamoja nyuma ya jicho, pale penye upana wa punje ya ulezi, halafu hutoka nje kwa pamoja kuelekea ubongoni. Mahali hapo panaitwa kichwa cha neva ya jicho. Kumbukeni pia kwamba kamba hiyo imevikwa ala, na ndani ya ala kuna maji, yaleyale yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Mtaona baadaye kwa nini nimeyataja.

Mimba ikiwa changa kabisa, jicho huwa kama kikombe chenye ufa upande wa chini. Ufa huo hufunga kati ya wiki ya 5 na ya 7. Wiki ya 5, mama zangu, wengi wenu hamjajua hata kama mna mimba. Mnahesabu siku tu. Ufa usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na pengo upande wa chini wa mboni, au upande wa chini wa retina, au kwenye kichwa cha neva penyewe. Pengo hilo tunaliita koloboma. Likiwa mbele utaliona hata wewe: mboni inakuwa na umbo la tundu la kufuli. Likiwa nyuma, huwezi kuliona bila kifaa.

Nimekutana na kina mama waliobeba lawama ya jambo hili miaka na miaka. Mmoja alishushiwa maneno na mawifi zake kwamba alimwangalia kipofu sokoni akamcheka. Mwingine alijilaumu kwa dawa ya malaria aliyomeza. Mama, hukukosea. Pengo lilibaki wazi kabla hujajua kuna mtu tumboni.

Koloboma ni moja. Kuna kasoro nyingine mbili za kichwa cha neva ambazo nataka mzifahamu leo.

Ya kwanza ni kishimo. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitengeneza ofthalmoskopu, na kwa mara ya kwanza watu wakaweza kutazama ndani ya jicho la mtu aliye hai. Miaka 31 baadaye, 1882, daktari Theodor Wiethe aliandika habari za mwanamke wa miaka 62 aliyekuwa na mabonde mawili ya kijivu kwenye kichwa cha neva yake. Hicho ndicho kishimo cha neva. Huwa kidogo, cha mviringo, mara nyingi upande unaoelekea sikioni. Hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 11,000, na kwa wengi wao ni jicho moja tu. Mtu anaweza kuzaliwa nacho, akasoma, akaoa, akaendesha gari, asijue chochote.

Ya pili ina jina la ua. Mwaka 1970 daktari Peter Kindler aliandika juu ya wagonjwa 10 ambao kichwa cha neva kilikuwa kikubwa kupita kiasi, kimezama kama faneli, katikati kina kishungi cheupe, na mishipa ya damu inatoka ukingoni kwa mistari iliyonyooka kama njiti za gurudumu la baiskeli. Akakumbuka ua la mtambaazi fulani wa bustanini huko kwao linalochanua asubuhi, akalipa tatizo jina la ua hilo. Sisi ua hilo tunalo, na ndugu zake tunao tele. Nendeni kwenye shamba la viazi vitamu asubuhi, mtazame ua lake kwa ndani: faneli ya zambarau na mistari inayokwenda ukingoni. Au ule mtambaazi unaotanda mchangani ufukweni, wenye maua ya zambarau. Yote ni jamii moja. Mimi huwaambia wanafunzi wangu "neva ya ua la kiazi", nao hawasahau.

Sasa, retina inabandukaje?

Kwa watu wazima wa kawaida retina hubanduka kwa sababu imechanika. Daktari Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyewashawishi wenzake katika miaka ya 1920 kwamba tundu ndilo chanzo, na kwamba ukiliziba retina hurudi. Kabla yake, kubanduka kwa retina kulikuwa ni kupofuka, hakuna mjadala. Mtu huyo wa kawaida huwa anajua kuna kitu: anaona vimulimuli kama radi pembeni, vitu vyeusi vinavyoelea kama mbu, kisha kivuli kama pazia linashuka. Anakuja mbio.

Kwa mtu mwenye kasoro ya kichwa cha neva mambo huenda kwa njia nyingine. Pale kwenye kishimo au kwenye faneli, mshono kati ya neva na retina haukufungwa sawasawa. Maji hupenya hapo, yakaingia chini ya retina kuanzia katikati. Hakuna radi wala mbu wanaoelea. Na kwa sababu yanaanzia katikati, ndipo pale pa kusomea na kutambulia sura ndipo panapoharibika kwanza. Kama jicho lilikuwa dhaifu tangu mwanzo, mtoto hana cha kulinganisha, na watu wazima tumeshamwambia halitegemeki.

Kwa wenye neva ya ua la kiazi, takriban theluthi moja hupata kubanduka kwa retina wakati fulani wa maisha yao, na wengi huwa bado watoto. Kwa wenye kishimo, taarifa mbalimbali zinataja kuanzia robo mpaka robo tatu yao kwamba hupata maji katikati ya retina, na mara nyingi huwa katika umri wa miaka ya 20 na 30. Kwa wenye koloboma hatari iko hasa kwenye utando mwembamba uliofunika pengo. Tundu likitokea humo hufichwa na weupe wa nyuma yake, na hata daktari mzoefu anaweza kulitafuta kwa muda.

Hapo kwenye kishimo nataka nikae kidogo, maana watu wazima mlioko hapa linawahusu.

Alinijia mwalimu wa hesabu, kijana wa miaka 29. Alianza kuona shida akisahihisha daftari. Aliniambia hivi: "Daktari, mistari ya daftari inapanda kilima halafu inashuka." Nikamwambia afunge jicho la kulia atazame nondo za dirisha. Akasema zimevimba katikati, kama zimesukumwa na mtu kutoka nje. Alishapita mahali pengine, akaambiwa ana maji ya retina yanayoletwa na mawazo, apumzike. Hilo la mawazo ni ugonjwa wa kweli, upo, na hutokea sana kwa wanaume wa umri wake. Hatuwezi kumlaumu aliyelifikiria. Lakini mwaka 1960 daktari Kranenburg wa Uholanzi alishaonesha kwamba baadhi ya hao wanaosemekana wana maji ya mawazo wana kishimo kwenye neva. Nikapanua mboni. Kishimo cha kijivu kilikuwa hapo, ukingoni mwa neva upande unaoelekea sikioni, kidogo kama tundu la sindano ya kushonea gunia.

Picha ya OCT ilituonesha yaliyokuwa yakiendelea. Mashine hiyo, ambayo habari zake zilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1991, hukata retina kwa mwanga na kuonesha tabaka zake moja moja. Umewahi kupasua chapati iliyosukumwa vizuri ikaachana kurasa kurasa? Ndivyo retina ya mwalimu ilivyokuwa. Maji yalikuwa yamezitenga kwanza tabaka za ndani, halafu chini yake retina ya nje ikaanza kuachia ukuta. Mpangilio huo Harvey Lincoff na wenzake wa New York waliueleza mwaka 1988, kabla ya OCT, kwa kutazama tu kwa makini. Jambo hilo hunipa heshima kubwa kwa mtu anayetazama kwa subira.

Maji hayo yanatoka wapi? Hapo ndipo nilipotaka mkumbuke ile ala ya neva. Wako waliosema yanatoka kwenye ule ute mzito unaojaza jicho, wakatoa ushahidi wa mbwa aina ya collie, ambao nao huzaliwa na vishimo: watafiti walitia wino ndani ya ute wa jicho la mbwa, wakaukuta chini ya retina, wakatia rangi kwenye maji ya uti wa mgongo, haikufika. Wengine wakasema yanatoka kwenye ala, yaani ni maji ya ubongo. Nao wana ushahidi. Kuna wagonjwa waliowekewa mafuta ya silikoni ndani ya jicho baada ya upasuaji, yakaja kuonekana ndani ya ubongo kwenye picha. Kama mafuta yameweza kwenda, njia ipo, na maji yanaweza kuja. Mimi naamini pande zote mbili zinasema kweli, kwa macho tofauti. Na kwa daktari mpasuaji fundisho lake ni la vitendo: jicho lenye shimo kubwa la neva asilijaze mafuta bila kufikiri mara mbili.

Tiba ipo. Robert Machemer akiwa Miami mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifungua njia ya kuingia ndani ya jicho kwa vifaa vyembamba na kuutoa ute, na upasuaji huo tunauita vitrektomi. Kwa kishimo, mpasuaji huutenga ute kutoka kwenye neva na retina ili usiendelee kuvuta. Wengine huongeza mstari wa leza ukingoni mwa kishimo, au povu la gesi la kuikandamiza retina. Kwa neva ya ua la kiazi na kwa koloboma, leza huzungushwa ukingoni kama ukuta wa kuzuia maji, na gesi au mafuta hushikilia retina mpaka ishike. Huku kwetu wagonjwa wa namna hii hupelekwa hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC Moshi.

Mwalimu wangu alifanyiwa. Miezi mitatu ikapita, maji bado yapo, akaanza kukata tamaa. Nikamweleza jambo ambalo kila mgonjwa wa kishimo inafaa aelezwe mapema: maji haya hunywewa polepole, yanaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi baada ya upasuaji uliokwenda vizuri. Kwake ilikuwa miezi 11. Nondo za dirisha zimenyooka, karibu zote. Anasema moja bado ina kikunjo kidogo.

Hapa niseme neno kuhusu gesi, kwa sababu limewahi kuniumiza roho. Mtu aliyewekewa gesi jichoni hapandi ndege mpaka gesi iishe, hilo hospitali nyingi husema. Lakini sisi tuna milima. Ukifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, usawa wa bahari, halafu ukapanda basi kwenda kwenu Lushoto, unapanda zaidi ya mita 1,300. Gesi inatanuka njiani, presha ya jicho inapanda, na maumivu yanaweza kuanza kabla hujafika juu. Mwulize daktari kabla ya kukata tiketi. Kama kwenu ni milimani, kaa kwa ndugu huku chini mpaka uambiwe gesi imeisha.

Kuna jambo moja la hatari kuliko yote, na hili nawaambia hasa ninyi wauguzi na matabibu. Neva ya ua la kiazi haiendi peke yake kila mara. Kwa baadhi ya watoto hawa mfupa ulioko kati ya pua na ubongo una tundu, na sehemu ya ubongo pamoja na utando wake imeshukia nyuma ya pua. Mtoto anapumua kwa mdomo, anakoroma, daraja la pua limelala, macho yameachana kuliko kawaida, wengine mdomo wa juu umepasuka katikati. Anapelekwa kwa mtu, mtu anatazama, anaona uvimbe laini puani, anasema ni nyama za puani. Sasa fikirieni mkasi unaoingia kukata "nyama" hiyo. Kinachokatwa ni ubongo. Maji ya ubongo yatavuja, homa ya uti wa mgongo itafuata, na mtoto anaweza kufa.

Nawaomba mshike hilo hata mkisahau mengine yote. Mtoto mwenye kengeza au jicho dhaifu upande mmoja, na ana nyama za puani, asiguswe pua yake mpaka jicho litazamwe kwa mboni iliyopanuliwa na kichwa kipigwe picha ya MRI. Picha hiyohiyo, ikichukuliwa pamoja na ya mishipa ya damu, inaweza pia kuonesha mishipa ya ubongo inayojifunga taratibu, ugonjwa uliopewa na Wajapani jina la moyamoya, yaani moshi unaofuka, kwa jinsi vijishipa vidogo vinavyoonekana kwenye picha. Mtoto huyo anaweza kupata kiharusi. Jicho ndilo lililotoa taarifa kwanza.

Na wenye koloboma au mashimo ya neva kwa macho yote mawili, pimeni mkojo na figo. Kuna hitilafu ya jeni inayoitwa PAX2, iliyotambuliwa mwaka 1995, inayoharibu neva za macho na figo kwa pamoja. Kupima mkojo na kreatinini ni kipimo cha zahanati kubwa yoyote.

Sasa kuhusu mboni nyeupe. Mtajiuliza, je, mboni nyeupe si saratani ya jicho? Inaweza kuwa, na mtoto mwenye mboni nyeupe anaondoka kwenda rufaa leo, si wiki ijayo. Nimewaambia habari za neva ili daktari huko mbele akumbuke kupima kwa ultrasaundi na picha kabla ya kuamua kulitoa jicho, kwa sababu retina iliyobanduka nayo huonekana nyeupe. Wewe wa zahanati kazi yako ni kuwahisha.

Wazazi, nyumbani mna vipimo viwili. Cha kwanza ni picha za simu zenye flashi: mboni moja ikiwa na mng'ao wa rangi ya chungwa na nyingine nyeupe, picha baada ya picha, njooni. Cha pili ni kiganja. Mara moja kwa mwezi mzibe mtoto jicho moja, halafu jingine, umwulize anaona nini, mistari ya mkeka imenyooka au imepinda. Yule ambaye jicho lake limeshajulikana ni dhaifu ndiye wa kupimwa zaidi, kwa sababu yeye hatalalamika. Akisema kile alichokuwa akikiona mwezi uliopita hakioni tena, hiyo ni dharura, hata kama alichokuwa akikiona ni rangi ya khanga tu.

Walimu, mtoto anayegeuza shingo akisoma ubaoni, andikeni barua. Mwalimu wa yule binti aliandika. Yeye alifanya kazi yake.

Na mtoto mwenye jicho moja tu zuri avae miwani ya plastiki ngumu isiyopasuka, hata kama haina nguvu yoyote, akiwa anacheza mpira na akiwa anapasua kuni. Jicho dhaifu nalo lisisahauliwe: kabla ya umri wa kuanza shule, kuziba lile zima kwa saa kadhaa kila siku kunaweza kulifundisha hili dhaifu kuona kuliko tunavyodhani, hata likiwa na neva yenye kasoro. Si kila uhafifu unatokana na neva. Sehemu ni uvivu, na uvivu unatibika.

Mtaniuliza, yule binti je? Nilimpeleka rufaa wiki ileile. Mpasuaji alimtazama, akasema retina imekaa chini muda mrefu mno. MRI ilikuwa salama, namshukuru Mungu kwa hilo. Jicho la kushoto halikurudi. Sasa ni mtu mzima, amesoma ualimu. Aliponiona mara ya mwisho aliniuliza kama siku ile ya kwanza ningeangalia, lingepona? Nilimwambia lisingekuwa jicho zuri kamwe, lakini khanga ya mama pengine angekuwa anaiona mpaka leo. Alistahili ukweli huo.

Basi. Muda wangu unakwisha, na nataka tuutumie kwa mikono. Tumeleta ofthalmoskopu, na hizi ndogo ziitwazo Arclight zinazochajiwa kwa jua. Tochi ya kawaida haifai kwa kazi hii, kwa sababu mwanga lazima utoke palepale jicho lako lilipo. Kina dada wa mbele, naomba mtundike khanga zile madirishani, tupate giza. Mama, mpakate mtoto, mwache anyonye, akitulia ndiyo vizuri. Wewe simama mbali kiasi cha urefu wa mkono, weka kifaa jichoni kwako, mulika macho yote mawili kwa pamoja. Utaona mboni zimewaka. Kwa watoto wetu mng'ao ni wa kahawia na chungwa, kama kaa linalozimika; msitafute wekundu mkali wa kwenye picha za vitabu vya Ulaya. Linganisha kulia na kushoto. Zinafanana? Kuna upande mweupe, au mweusi, au mwanga umekatika chini? Ukiona tofauti, usimwambie mama chochote cha kumtisha. Niite, nitapita kila mahali nikiwa na matone.

Zimeni taa.